Choo kimepakuliwa, bomba limechafuka: uchambuzi wa kisa kimoja cha Temeke

Malalamiko yaliletwa ofisi ya serikali ya mtaa na mamalishe, wala si na mwenye choo. Jioni iliyotangulia vijana watatu walikuwa wamepakua choo cha nyumba ya jirani yake. Alipoamka alfajiri kuchota maji ya uji, akakuta koki ya bomba la uani mwa nyumba hiyo ina matone makavu ya rangi ya udongo, na chini yake dimbwi linalonuka. Hakuchota. Alikwenda kwa mjumbe, mjumbe akampeleka kwa mwenyekiti, na jua lilipopanda habari ilikuwa imeshanenepa: watoto wawili wa nyumba ile wanaharisha, vijana walikuwa wamelewa, kinyesi kimemwagwa mtaroni. Mwenyekiti aliniomba niwasikilize wote kisha niandike kilichotokea. Kazi yangu ni afya ya mazingira, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alitaka karatasi ya kuwasomea watu kabla hawajakunjana mashati. Majina ya wahusika na ya mtaa nimeyaacha.

Niliondoe kwanza lile ambalo kila mtu alitaka kulisikia. Mmoja wa watoto wale alianza kuharisha mchana, kabla vijana hawajafika na pampu yao, na wa pili analala naye kitanda kimoja. Mtaani kwetu mtoto anaweza kuharisha bila choo cha mtu yeyote kupakuliwa. Kwa hiyo kesi ya watoto niliifunga mapema, na baadhi ya watu hawakufurahi. Lakini kumwondolea fundi lawama ya ugonjwa si kusema kazi ilikuwa safi. Njia ya kutoka shimoni hadi mdomoni ilikuwa wazi jioni ile, na ilikaa wazi usiku kucha.

Nyumba yenyewe ina vyumba sita vya kupanga, uani mmoja, bomba moja na choo kimoja cha shimo. Choo kimeinuliwa ngazi tatu kutoka ardhini kwa sababu sehemu ile ni bondeni na ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Shimo limejengewa matofali ya saruji juu na matairi ya zamani chini. Maji ya kuogea nayo huingia humohumo, ndiyo maana juu huwa majimaji na chini tope zito lililoshikana. Masika yalipokolea, shimo likajaa hadi ukimwaga kopo moja la maji linarudi kukutazama.

Mama mwenye nyumba alikuwa na njia tatu, na kabla ya kumlaumu kwa lolote inafaa kukumbuka aliyoikataa. Ya kwanza ni gari la kunyonya majitaka, ambalo lisingeweza kupita uchochoro ule, na mpira wake usingefika kutoka barabarani. Ya pili ni kutapisha: kusubiri mvua kubwa, kutoboa ukuta wa shimo na kuacha mafuriko yabebe. Dar es Salaam nzima inaijua njia hii, na sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hawana bomba la majitaka la kuwaunganisha na mabwawa ya kusafishia majitaka. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 jijini na kusambaa mikoa mingi kilituonyesha nini hufuata maji ya vyoo yanapokutana na maji ya kunywa. Nyumba mbili za mtaa uleule zilitapisha wiki ileile, na hakuna aliyezipeleka kwa mwenyekiti. Mama mwenye nyumba alichagua ya tatu, akawaita watu wa pampu ya mkono.

Watu wa pampu si vyura wa zamani, wale wanaovunja sakafu, wanaingia shimoni na ndoo, wanachota kwa mikono na kufukia palepale uani. Hawa husimama juu. Pampu yao, ambayo wenyewe huiita gulpa, ni bomba refu la plastiki lenye vali mbili, moja chini kabisa na nyingine kwenye fimbo inayovutwa. Unavuta mpini juu, tope linapanda. Unashusha, vali ya chini inafunga. Unavuta tena, linatokea kwenye mdomo wa pembeni na kuingia kwenye chombo. Dar es Salaam ni miongoni mwa miji ya mwanzo kuitumia. Kabla yake, kati ya 1988 na 1992, shirika la Kiholanzi la WASTE lilijaribu hapa mtambo ulioitwa MAPET: pampu ya kuzungusha gurudumu kwa mkono, na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni. Mradi ulipoisha, vipuri navyo vikaadimika, na mashine zikafia mikononi mwa waliokuwa wakizitumia. Gulpa imedumu zaidi kwa kuwa fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza.

Makubaliano yalifanyika mlangoni, kwa mdomo. Bei ilikuwa ya pipa: pipa la lita 50 lenye mfuniko, mapipa 12, pamoja na toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ya kuyabeba hadi mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Mama akapunguziwa kidogo, wakapeana mikono. Katika mazungumzo yale, ambayo nimesimuliwa na pande zote mbili bila kupishana, hakuna aliyetaja maji ya kuoshea, sabuni, klorini wala nani atafagia uani. Nadhani kisa chote kimezaliwa hapo. Anayelipwa kwa pipa hutazama mapipa. Kila dakika baada ya pipa la mwisho kufungwa ni dakika ya bure, na ya bure ndiyo hufanywa mbiombio gizani.

Giza liliingia kwenye hadithi kwa sababu ya takataka. Vijana walifika saa tisa alasiri wakitegemea kumaliza saa kumi na moja, lakini pampu ilipovutwa mara chache ikakwama. Shimo la wapangaji ni jalala la siri. Humo kulikuwa na pedi, nepi, matambara, chupa za plastiki, mfuko wa nywele bandia, na viwembe. Ikabidi waopoe kwanza, kwa nondo ndefu iliyopindwa ncha, kitu kimoja baada ya kingine. Hatua hii ilikula muda mrefu kuliko kupampu kwenyewe, na ndiyo chafu kuliko zote. Kwenye pampu tope linapita ndani ya bomba, lakini kwenye kuopoa kila kitu kinapanda kikidondoka, kinapita karibu na uso wa mtu, kinashikwa na mkono. Wawili walikuwa na glavu ndefu za mpira. Wa tatu, mdogo wao, alijifunga mifuko ya nailoni kwa mpira wa manati, na mmoja ukachanika. Hakukatwa na wembe, na hapo nilisema alhamdulillahi kwa sauti, maana nilipomuuliza chanjo ya pepopunda aliniambia anakumbuka sindano za shuleni.

Vilivyoopolewa viliwekwa kwenye viroba viwili vya mchele. Kiroba cha mchele kimefumwa, hakizuii maji. Walipovivuta kutoka kwenye ngazi za choo hadi ukutani, karibu na mlango wa kutokea, viliacha michirizi miwili ikikatiza uani mzima. Niliiona asubuhi yake, imekauka, na juu yake nyayo za malapa zinazoingia vyumbani. Sidhani kama kuna mtu aliyeiona usiku ule.

Baada ya kuopoa kulikuwa na jambo moja ambalo lilifanyika sawasawa kabisa, nami nililiandika kwa herufi kubwa kwenye taarifa ya mwenyekiti. Tope la chini lilikuwa zito, pampu ikawa inavuta hewa. Kijana mdogo akasema ashuke, asimame kiunoni, alikoroge kwa koleo. Fundi mkubwa akamkatalia. Akamwambia, "Mdogo wangu, humo anayeingia hatoki kwa miguu yake." Hakueleza zaidi, lakini yuko sahihi kuliko anavyojua. Tope la shimo hutoa gesi, na mbaya zaidi ni ile inayonuka kama mayai viza, salfidi ya hidrojeni. Kipimo cha sehemu 100 kwa milioni ya hewa tayari kinahesabiwa kuwa cha hatari ya papo hapo kwa uhai, na kuanzia hapo pua huzimwa: mtu anaacha kuisikia harufu, anadhani hewa imepoa, kumbe ndiyo imekolea. Kukoroga tope huifungulia. Anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake. Kuna na methani, inayowaka, na ndiyo sababu sigara na kibatari havitakiwi karibu na mdomo wa shimo. Fundi aliamua kulainisha tope kwa maji kutoka juu, na uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Ila maji yalitoka wapi, na kwa chombo gani?

Wote niliowahoji walianza na namna pampu ilivyooshwa bombani jioni, kwa sababu ndicho walichokiona na ndicho kilichonuka. Mimi nilitaka kujua kuhusu ndoo. Vijana hawakuja na ndoo ya maji safi. Mpangaji wa chumba cha pili, kwa wema wake, aliwapa yake, ya bluu, anayoogeshea mtoto. Mmoja wao akawa anakwenda bombani, anafungua koki, anajaza, anarudi, anapanda ngazi, anamwaga shimoni kidogokidogo, anaiweka ndoo juu ya sakafu ya choo iliyolowa, anashika nondo akoroge, anaichukua tena ndoo, anarudi bombani. Glavu zilezile. Nilipomuuliza alikwenda mara ngapi akacheka, akasema, "Mzee, nani anahesabu?" Koki ile ilichafuliwa tangu safari ya pili, wakati jua bado linawaka, saa moja na zaidi kabla ya pampu kuoshwa. Mpangaji wa chumba cha tano alichota hapo maji ya kunywa katikati ya kazi. Aliona bomba kavu, halinuki, akachota.

Ndiyo maana nasema waliokuwapo walihukumu kazi ile kwa pua. Pua iliwafukuza uani wakati wa kuopoa, na hilo lilikuwa jema. Watoto wakaingizwa ndani, madirisha yakafungwa. Mapipa yalipofunikwa harufu ikapungua, milango ikafunguliwa, watoto wakatoka kucheza, saa ileile maji ya kuoshea pampu yalipokuwa yametanda uani. Uchafu unaomfanya mtu augue huwa mdogo kiasi cha kutonuka. Virusi vya kutapika na kuharisha vinahitaji chembe chache sana kumwangusha mtu mzima. Mayai ya minyoo ya mviringo hukaa kwenye udongo wenye kivuli miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, yakisubiri kidole cha mtoto. Hakuna kati ya hivyo chenye harufu.

Kupampu kwenyewe nitakupitia haraka kwa kuwa hakukuwa na makosa makubwa. Mdomo wa pampu hurusha matone, walikuwa wanajua, wakaufunga gunia kuelekeza tope ndani ya pipa. Barakoa walivaa, miwani hawakuwa nayo. Mapipa waliyajaza hadi ukingoni, na pipa la lita 50 lililojaa tope lina uzito unaozidi kilo 50, kwa hiyo kila walipoliinua kupita ngazi lilichuruzika ubavuni. Wangejaza robo tatu wasingelowesha ovaroli zao. Lakini malipo ni ya pipa, na mama alikuwa amesimama mlangoni akichungulia kama yamejaa.

Simu ya fundi iliita kama saa kumi na mbili. Dereva wa toyo alikuwa amepotea vichochoro. Fundi akavua glavu moja kwa kuivuta na ile nyingine iliyochafuka, akatoa simu mfukoni, akaongea, akairudisha, akavaa glavu. Alikuwa na kichupa cha kitakasa mikono, mazoea yaliyobaki tangu Korona, akajipaka. Hili nalo ni la pua: mikono ikinukia spiriti tunaridhika. Kitakasa cha spiriti hakipenyi uchafu uliogandamana kwenye ngozi, na kwa baadhi ya virusi vya kuharisha hakifui dafu hata mikono ikiwa mikavu. Sabuni na maji yanayotiririka ndivyo vinavyoondoa. Sabuni ilikuwapo nyumba nzima, hakuna aliyeiomba.

Toyo ilifika na giza. Mapipa yakapakiwa, dereva akaanza kupiga honi. Hapo ndipo vijana wakasogeza pampu, nondo na koleo chini ya bomba la uani, wakafungua maji, wakasugua kwa fagio la chelewa la nyumba. Maji yakatanda hadi kwenye kibaraza cha mamalishe, mengine mtaroni. Ilichukua muda wa honi tatu. Kisha wakanawa nyuso kwenye bomba hilohilo, wakaondoka.

Klorini haikukosekana. Mama mwenye nyumba alikuwa amenunua chupa nzima dukani, na nia yake ilikuwa nzuri. Vijana walipoondoka aliimimina yote shimoni, "kuua harufu". Macho yakamwasha, akakohoa, akadhani ni ukali wa dawa. Haukuwa ukali wa dawa peke yake. Klorini ikikutana na mkojo hutoa mvuke wa kloramini, sumu ya mapafu, na katika chumba kidogo kisicho na dirisha kama choo kile ungeweza kumzidi. Halafu ndani ya shimo haiui kitu cha maana, kwa sababu uchafu mwingi kiasi hicho huimaliza nguvu papo hapo. Chupa ile ingetosha kusafisha koki, ndoo, ngazi, vipini vya mapipa na mabuti ya watu watatu, na ikabaki.

Tulilofanya asubuhi ile lilikuwa jepesi. Bomba lilifungwa kwa matumizi. Koki na bomba lote hadi chini lilisuguliwa kwa sabuni hadi likawa halina utelezi, likasuuzwa, ndipo likapakwa klorini. Klorini ya maji inayouzwa madukani kwa kufulia ikiwa na nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji kinatoa asilimia 0.5, nguvu inayotosha vyombo na sakafu. Tuliiacha dakika 10, kisha tukaacha maji yatiririke. Utaratibu huo haugeuzwi, kwa sababu klorini ikipakwa juu ya tope huishia kwenye tope. Na tuliosha kwa sabuni kwa makini kuliko tulivyopaka dawa, maana mayai ya minyoo hayafi kwa klorini, huondolewa kwa kusuguliwa. Michirizi ya viroba na dimbwi tulivikwangua na udongo wake wa juu, tukaurudisha shimoni, tukanyunyizia chokaa, tukazungushia kamba watoto wasipite. Aliyeshika chokaa alivaa miwani na glavu kwa sababu inaunguza macho. Ndoo ya bluu mpangaji aliitupa. Ingesuguliwa ingefaa, lakini ni ya kuogeshea mtoto, na sikumbishia. Waliochota maji jioni ile walishauriwa kuyamwaga, vyombo vyao vioshwe, na ya leo yachemshwe.

Sasa, wangefanyaje? Kuna miongozo mizuri ya kazi hii yenye orodha ndefu za vifaa, na ripoti ya pamoja ya 2019 ya Benki ya Dunia, Shirika la Kazi Duniani (ILO), WHO na WaterAid kuhusu wafanyakazi wa usafi inaeleza vizuri kwa nini vifaa hivyo haviwafikii. Lakini jioni ile ingesafishika bila kuongeza kifaa chochote cha gharama. Kilichokosekana ni mtu mmoja msafi. Kati ya watatu, mmoja asiguse kitu chochote kilichogusa shimo, tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye afungue bomba, ajaze ndoo na kusimama upande wake wa mstari, mstari uliochorwa kwa majivu uani, amiminie kwenye ndoo ya pili inayobaki upande mchafu bila ndoo kugusana. Yeye ndiye apokee simu, amfungulie dereva geti, apokee hela. Fundi aliniambia hawezi kumwacha kijana asimame bure wakati wawili wanatoka jasho. Nikamwambia amfikirie kondakta wa daladala: hashiki usukani, lakini gari haliendi bila yeye. Akacheka, hakukubali palepale.

Kuosha nako kuna mahali pake. Shimo lililopunguzwa mapipa 12 lina nafasi ya lita 600, kwa nini maji ya kuoshea yamwagwe uani? Pampu na nondo vioshwe juu ya sakafu ya choo, maji yarudi kwenye tundu. Mapipa yafutwe ubavuni hapohapo kabla ya kushuka ngazi. Kisha watu wenyewe: wanaosha glavu wakiwa wamezivaa, kwa sabuni halafu klorini, wanaosha mabuti, wanavua ovaroli na kuziweka kwenye mfuko wao usiovuja, glavu zinavuliwa kwa kugeuzwa ndani nje, mikono inaoshwa na sabuni kwa maji anayomimina yule msafi, na barakoa inatolewa mwisho kabisa, kwa mikono iliyokwisha kuoshwa. Klorini ya mikono iwe hafifu mara kumi kuliko ya sakafu, asilimia 0.05. Viatu vya kurudia nyumbani visikanyage uani hadi hapo. Nyumbani kila mmoja ana watoto, na ovaroli ikifuliwa kwenye beseni la nguo za familia, kazi yote ya juu imepotea.

Kwa vijana wenyewe niliongeza mambo ya zahanati: chanjo ya pepopunda, chanjo ya homa ya ini kama wanaweza kuipata, na dawa za minyoo kila miezi sita. Mkubwa alikwenda. Mdogo aliahidi.

Kikao kilifanyika Jumamosi chini ya mwembe wa ofisi. Mamalishe alidai fidia ya siku mbili za biashara, na nilidhani ana haki, kwa kuwa wateja walikimbia habari kuliko walivyokimbia bomba. Mama mwenye nyumba alisema amelipa kazi kamili na haoni kwa nini alipe tena. Fundi akasimama, akamwamkia mwenyekiti, akasema kwa adabu, "Mama yangu, bei ya kuosha wewe hukuitaja, na mimi sikuitaja. Tulihesabu mapipa." Walibishana kama saa nzima. Mwisho mamalishe alilipwa siku moja, nusu na mama, nusu na fundi. Na mwenyekiti akaandika kwenye daftari kwamba kuanzia sasa kazi hiyo mtaani kwake ina bei ya kazi nzima: kuopoa, kupampu, kusafirisha, kuosha, pamoja na sabuni, klorini na ndoo mbili za mafundi wenyewe zenye rangi tofauti. Hela ya mwisho inatolewa baada ya mjumbe kukagua uani, na kazi isianze baada ya saa nane mchana.

Bei imepanda, ndiyo. Mwenye nyumba mmoja alisema waziwazi kwamba kwa bei hiyo atasubiri mvua, na mwenyekiti akamkumbusha faini. Nina shaka kama faini itafika pale ambapo mvua inafika.

Kilichobaki bila jibu ni viroba. Mapipa yana mabwawa ya kupokelea, lakini takataka za shimoni hazina. Kwenye mabwawa hazitakiwi kwa sababu zinaziba. Gari la taka la mtaa lilivikataa mara mbili, na vijana wa toyo hawabebi kitu ambacho hakimo kwenye bei. Kwa sasa tumevifukia pembeni ya uwanja wa nyumba, tukamwagia chokaa tabaka kwa tabaka, mbali na bomba kadiri ua unavyoruhusu, na ua ule hauruhusu sana. Nimependekeza kila chumba kiwe na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya pedi na nepi, zichukuliwe na gari la taka kila wiki zikiwa bado kavu, kabla hazijafika shimoni. Wapangaji wanne kati ya sita wamekubali. Wawili wanasema ndoo kama hiyo chumbani itanuka.